Makaburi ya mawe ya Gochang, Korea Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu nimeuandika kwa ajili ya wenzetu wanaosoma au kufanya kazi Korea Kusini na wamepata siku mbili za mapumziko, na kwa yeyote anayependa mambo ya kale hata kama hatafika huko. Maswali ni yale ninayoulizwa kila ninapowaonyesha watu picha za Gochang.

Gochang ni wapi?

Ni wilaya ya mashambani kusini-magharibi mwa Korea Kusini, katika mkoa wa Jeonbuk (ulioitwa Jeolla Kaskazini hadi mwanzoni mwa 2024), na upande wake wa magharibi unapakana na bahari. Wakazi wake ni kama 50,000, wengi wao wazee, kwa sababu vijana wamehamia Seoul, Jeonju na Gwangju kutafuta kazi. Udongo ni mwekundu, wa kukufanya ukumbuke nyumbani, na ndio unaostawisha matikiti maji yanayosifiwa nchi nzima. Hulimwa pia mpunga, shayiri, na tunda jeusi dogo liitwalo *bokbunja*, jamaa ya forosadi kwa sura. Mwaka 2013 UNESCO iliitambua wilaya yote, vijiji na mji wake, kuwa hifadhi ya bayongahewa, yaani eneo ambalo viumbe na mazingira hutunzwa huku watu wakiendelea kuishi humo.

Hayo mawe yenyewe ni nini hasa?

Ni makaburi. Kwa Kikorea huitwa *goindol*, maana yake jiwe lililoegemezwa, au jiwe lililowekewa vitegemeo. Katika lugha nyingine wataalamu huyaita dolmeni. Mtu alizikwa ardhini au katika kijumba cha mawe, kisha juu yake likawekwa jiwe moja kubwa sana la kumfunika.

Jina hilo la Kikorea utalielewa vizuri ukichuchumaa. Ukisimama unaona mwamba tu, mkubwa kama gari, umeota kuvu ya kijivu na ya rangi ya chungwa, nawe unaweza kudhani uliporomoka wenyewe kutoka mlimani. Ukichuchumaa na kuchungulia chini yake unaona vijiwe vinne au vitano, kimoja si kikubwa kuliko ndoo ya maji, vimepangwa pembeni, na mwamba wote umekaa juu yake. Katikati kuna uwazi ambao mkono unapita. Mtu alivichagua vijiwe vile, akavijaribu, akatoa kilichoyumba akaweka kingine. Havijasogea kwa miaka zaidi ya elfu mbili na mia tano.

Yako mangapi?

Katika eneo kuu la Jungnim-ri, kwenye kitongoji cha Maesan, yamehesabiwa 442 katika orodha ya UNESCO. Yamepangana chini ya vilima kuelekea mashariki na magharibi, mwinuko wa mita 15 hadi 50 tu kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hakuna kupanda mlima. Ukihesabu wilaya nzima, pamoja na yaliyo katikati ya mashamba ya watu, idadi inazidi 1,600.

Rasi yote ya Korea, Kaskazini na Kusini, inakadiriwa kuwa na zaidi ya 30,000. Hakuna sehemu nyingine duniani yenye mengi kiasi hicho katika eneo dogo namna hiyo.

Yana umri gani, na waliyajenga akina nani?

Ya Gochang hukadiriwa kuanza karibu karne ya 7 kabla ya Kristo. Ni zama za shaba nyeusi huko Korea. Walioyajenga walikuwa wakulima: walipanda mpunga na mtama, waliishi katika nyumba zilizochimbwa nusu ardhini, walifinyanga vyungu visivyo na nakshi. Shaba ilikuwepo lakini ilikuwa adimu. Visu vya kuvunia, mashoka na vichwa vya mishale viliendelea kuwa vya jiwe lililosuguliwa.

Chuma kilipoenea na tawala kubwa zaidi kuanza kujitokeza, karne chache kabla ya Kristo, desturi hii ilififia na watu wakaanza kuzika kwa namna nyingine.

Nimeona picha zinazotofautiana sana. Kwa nini?

Kwa sababu kuna aina kadhaa. Ya kwanza ni ya meza: mabamba marefu ya mawe yamesimamishwa, na bamba bapa limelazwa juu kama ubao wa meza. Hiyo hupatikana zaidi kaskazini, na picha yake ndiyo iliyomo katika vitabu vingi vya shule. Ya pili Wakorea huifananisha na ubao wa *baduk*, mchezo wao wa kete nyeupe na nyeusi, ambao ubao wake ni mnene na una miguu mifupi. Ndiyo niliyoieleza hapo juu, yenye vijiwe vya kuegemeza. Ya tatu haina miguu kabisa: jiwe limelazwa moja kwa moja juu ya kaburi. Halafu Gochang kuna aina ya kwao, ambapo mabamba yamezunguka kaburi juu ya ardhi mithili ya sanduku.

Uzuri wa Gochang ni kwamba aina hizi zote ziko pamoja, na unaweza kuzipitia kwa miguu asubuhi moja.

Waliyabebaje mawe makubwa hivyo bila mashine?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wengine huuliza huku wameshajiandalia jibu la majini au viumbe wa sayari nyingine. Jibu ni watu, kamba, magogo na subira.

Kwanza walitafuta mwamba uliokwisha kuanza kupasuka wenyewe kando ya kilima. Walitoboa matundu kwenye ufa, wakapigilia kabari za mti mkavu, wakazimwagia maji. Mti ukilowa huvimba, na ukivimba husukuma jiwe hadi linaachia. Machimbo hayo yapo hadi leo, juu kidogo ya makaburi, na katika baadhi ya miamba utaona bado alama za kazi hiyo. Hapa mpangilio wa eneo unaeleweka: makaburi yako chini ya mteremko, machimbo yako juu yake. Hawakubeba jiwe kutoka nchi ya mbali, walilishusha.

Kisha walitandika magogo kama reli, wakaweka mengine ya kuviringika, wakalifunga jiwe kamba na kulivuta, huku wengine wakilisukuma kwa nyenzo nyuma. Walipofika kaburini, vitegemeo vilikuwa vimeshasimamishwa. Walivifukia kwa udongo mpaka likawa tuta lenye mteremko mpole, wakalivuta jiwe hadi juu ya tuta, na mwisho wakauondoa udongo. Jiwe likabaki hewani.

Mwaka 1979 huko Bougon, Ufaransa, mtafiti Jean-Pierre Mohen alijaribu jambo kama hilo: watu 200 walilivuta bonge la tani 32 kwa kamba na magogo, na likaenda. Ukichukua uwiano huo, jiwe la tani 50 linataka watu kama 300. Sasa fikiria: watu 300 wenye nguvu wanatoka katika jamii ya watu wangapi, ukiongeza watoto, wazee na wenye mimba? Nani alipika siku hizo? Nani alisokota kamba? Mazishi yalikuwa msaragambo wa vijiji kadhaa, na vijiji vile lazima viwe vilidaiana: leo mnakuja kwetu, kesho tunakuja kwenu. Wakulima wa Korea wana neno la kupeana zamu za kazi namna hiyo, *pumasi*, na wazee wa huko bado wanalitumia wakizungumzia kupandikiza mpunga. Kwangu mimi hili ni la kustaajabisha kuliko jini lolote.

Waliozikwa walikuwa machifu?

Baadhi, bila shaka. Kukusanya watu mia kadhaa kunahitaji mtu mwenye neno, na katika makaburi machache ya kusini mwa Korea vimekutwa visu vya shaba vyenye umbo la kinanda cha nyuzi na shanga ndefu za jiwe la kijani. Lakini angalia idadi. Makaburi 442 katika eneo moja ni mengi mno kuwa ya machifu peke yao, na mengi yana jiwe dogo na hayana kitu ndani. Mimi naafikiana na wanaoona kwamba sehemu kubwa ni makaburi ya koo, na kwamba ukubwa wa jiwe ulionyesha uwezo wa walio hai kama ulivyoonyesha heshima ya marehemu.

Vitu vinavyokutwa zaidi ni visu vya jiwe vilivyosuguliwa hadi vikang'aa, vichwa vya mishale, na vyungu vidogo vyekundu. Mifupa ni nadra, kwa kuwa udongo wa Korea una asidi na huila. Ndiyo maana kwa makaburi mengi hatujui hata kama aliyelala ni mwanamume au mwanamke.

Wenyeji walijua kwamba ni makaburi?

Kwa karne nyingi hawakuyachukulia hivyo. Yalikuwa mawe ya kijijini. Watu walianika pilipili juu yake vuli, watoto wakayapanda, wakulima wakalima kuyazunguka. Dolmeni ya meza ya Dosan-ri, iliyo nzuri kuliko zote za Gochang, ilikuwa uani mwa nyumba ya familia, jirani na ulingo wa mitungi ambamo Wakorea huchachulia mchuzi wa soya na pilipili. Mama alikuwa akienda kuchota mchuzi, anapita kando ya kaburi la miaka 2,500.

Baadhi ya watu huyasikitikia makaburi kwa maisha hayo. Mimi naona ndiyo yaliyoyaokoa. Jiwe lenye matumizi, au lenye hadithi, halipasuliwi kuwa kokoto za ujenzi.

Na hadithi zipo. Huko Hwasun, wilaya nyingine ya kusini yenye makaburi ya aina hii, kuna jiwe kubwa liitwalo Pingmae. Wanasimulia kwamba Bibi Mago, jitu la kike katika masimulizi ya Wakorea, alikuwa amelibeba katika sketi yake akilipeleka hekalu la Unjusa, ambako zilikuwa zikijengwa sanamu elfu za Buddha na minara elfu. Njiani akasikia kazi imekwisha. Akaliachia pale pale, na hadi leo lipo.

Kuna pia vishimo vidogo vya mviringo vilivyochongwa juu ya baadhi ya mawe. Wengine husema ni ramani ya nyota, wengine kwamba ni alama za kuomba uzazi. Nimeona wazee wakiviweka kidole na kukizungusha bila kusema lolote.

Jiwe kubwa kuliko yote ya Gochang liko wapi?

Liko Ungok, nyuma ya kilima, na wageni wengi huondoka bila kuliona. Hukadiriwa kufikia tani 300, yaani mzigo wa tipa 30 za tani kumi kumi. Limekaa peke yake msituni.

Hadithi ya Ungok inastahili nafasi. Lilikuwa bonde la vijiji na matuta ya mpunga. Mapema miaka ya 1980 serikali ilijenga bwawa humo ili kupeleka maji katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Yeonggwang, wilaya ya jirani. Wanavijiji wakahamishwa. Sehemu ya bonde ikazama, na mashamba ya juu ambayo hayakuzama yakaachwa hivyo hivyo, hayalimwi, hayafyekwi. Kuta za matuta zikaendelea kushika maji, magugu yakaota, kisha vichaka, kisha miti. Katika miaka 30 majaruba yakageuka kinamasi chenye ndege, vyura na fisi maji. Mwaka 2011 kikaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Njia ya kupita kinamasi ni ya mbao, nyembamba kwa makusudi: watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kusubiri. Ukitazama chini kati ya mianzi utaona ukingo wa jaruba la mtu fulani, mawe yake bado yamepangwa. Halafu mbele yako linatokea kaburi la tani 300. Wale waliohamishwa miaka ile, huenda wengi wao wangali hai, na nilipokuwa pale niliwafikiria wao kuliko nilivyomfikiria marehemu aliye chini ya jiwe.

Yaliingizwa lini katika Urithi wa Dunia?

Mwaka 2000, katika mkutano uliofanyika Cairns, Australia. Yaliingizwa maeneo matatu kwa pamoja: Gochang, Hwasun na Ganghwa.

Katika hayo matatu, niende lipi?

Kama uko Seoul na una siku moja, nenda kisiwa cha Ganghwa. Kimeunganishwa na bara kwa madaraja, na dolmeni ya meza ya Bugeun-ri, yenye jiwe la juu la takriban tani 50, imesimama uwanjani peke yake. Ni moja tu lakini haisahauliki.

Hwasun, karibu na Gwangju, ni kwa anayetaka kuelewa kazi ya kuchimba mawe, maana machimbo yake yanaonekana wazi msituni. Gochang ni kwa wingi na kwa aina mbalimbali, na pia kwa sababu ina makumbusho yake, yaliyofunguliwa mwaka 2008. Mimi ningeenda Gochang.

Nafikaje?

Kuna basi la moja kwa moja kutoka kituo cha mabasi ya masafa cha Seoul, mwendo wa saa tatu na kitu. Njia nyingine ni treni ya kasi hadi Jeongeup, kisha basi la kawaida hadi mji wa Gochang. Kutoka mjini hadi makumbusho si mbali, teksi ni rahisi kuliko kusubiri basi la kijijini, ambalo hupita mara chache. Andika jina la mahali kwa Kikorea kwenye simu umwonyeshe dereva: 고창고인돌박물관. Makumbusho hufungwa Jumatatu.

Ni msimu gani mzuri?

Aprili na Mei, shayiri ikiwa kijani, au Oktoba, hewa ikiwa kavu. Julai na Agosti ni joto la kukata pumzi, na vivuli ni vichache kati ya makaburi.

Mimi nilifika mara ya kwanza Januari, na sijutii. Pwani hiyo hupata theluji nyingi inayoletwa na upepo wa baharini. Majani yote yalikuwa yamelala, kila jiwe lilikuwa na kofia nyeupe, na kwa mara ya kwanza niliona safu zake zinavyoufuata mteremko. Kiangazi nyasi huificha safu hiyo. Vaa viatu vya kushika ardhi.

Naruhusiwa kupanda juu ya mawe?

Hapana. Hata kuketi. Ni makaburi, na vile vitegemeo vidogo havikuwekwa kwa ajili ya kutikiswa.

Yako salama?

Kwa kiasi kikubwa, yale yaliyo ndani ya hifadhi yako salama. Nje ya hifadhi ni jambo jingine. Huko Gimhae, kusini-mashariki mwa nchi, lipo kaburi lenye jiwe linalokadiriwa kuwa na tani 350. Mwaka 2022 mawe bapa ya kale yaliyotandikwa kulizunguka yaling'olewa wakati wa kazi ya ukarabati, yakasafishwa na kurudishwa bila idhini iliyotakiwa. Jiwe lenyewe lilibaki pale pale, lakini mtandiko wa ardhini una habari nyingi kwa mtafiti: nini kiliwekwa kwanza, nini baadaye, udongo gani uko chini ya jiwe gani. Ukishauvuruga, hakuna namna ya kuurudisha ulivyokuwa. Niliumia sana niliposoma habari ile.

Mwislamu atakula nini Gochang?

Chakula cha sifa cha wilaya ni mkunga wa Pungcheon, samaki wa kuchomwa kwenye makaa, akipakwa mchuzi mtamu au chumvi tu. Uliza kuhusu mchuzi, kwa kuwa mara nyingi hutiwa pombe. Wa chumvi ni salama zaidi. *Bokbunja* huuzwa kama divai na pia kama sharubati, chupa hufanana, soma maandishi kwa makini. Mikahawa ya halali sikuiona. Wali, samaki, tofu na mboga za kuchachuliwa hupatikana kila mahali, ila kimchi mara nyingi huwa na dagaa au uduvi, kwa asiyekula viumbe wa baharini.

Ni kweli wanawake wa Gochang hubeba mawe kichwani?

Kweli, katika tamasha la ngome. Mjini kuna ngome ya mawe iitwayo Moyangseong, iliyojengwa mwaka 1453, ukuta wake una mzunguko wa mita 1,684. Kwa desturi wanawake huuzunguka ukuta juu kwa juu wakiwa na jiwe kichwani, juu ya ngata. Ndiyo, ngata kabisa, ya majani yaliyosokotwa, wao huiita *ttoari*. Husemwa kwamba mzunguko mmoja huponya miguu, miwili huondosha maradhi na kuongeza umri, mitatu humfikisha mtu peponi. Wazee huongeza sababu ya kawaida zaidi: baada ya barafu kuyeyuka udongo wa ukuta hulegea, na nyayo za watu wenye mizigo huushindilia. Mawe yenyewe yaliachwa ngomeni kuwa silaha.

Nilipomwona bibi mmoja akijitwisha jiwe lake bila kusaidiwa, shingo imenyooka, mikono imeachia, nilimfahamu mara moja. Nilikua na wanawake wanaotembea hivyo.

Nina saa mbili tu. Nione nini?

Pita makumbusho kwa nusu saa, uangalie mfano wa watu wakivuta jiwe. Kisha toka, vuka kijito, tembea kati ya makaburi ya Maesan hadi mwanzo wa mteremko, na uchuchumae angalau mbele ya moja. Muda ukibaki, chukua teksi hadi Dosan-ri. Ni mwendo mfupi. Mabamba mawili ya urefu wa mtu yamesimama, la tatu limelala juu yake, na kati ya mabamba unaona mashamba ya upande wa pili.